Boksi Halina Dini

Ziwa lilipopanda na maji kuingia uani kwa mama mkwe wangu, Bi Asia, kitu cha kwanza alichokitoa nje hakikuwa godoro wala sufuria. Alitoa msahafu wa marehemu mume wake, akaufunga kwenye khanga, akaubeba kichwani na kupanda nao mpaka barabarani. Maji yaliposhuka akarudi nao. Lakini nyumba ilibaki na unyevu, ukuta ukiugusa unaacha rangi mkononi. Na msahafu wenyewe ni wa zamani. Mgongo umelegea, jalada linacheza kama jino la mtoto. Ndipo akaniita.

"Musa, si wewe fundi? Nifanyie kitu cha kuuchomeka humo, kama ala ya kisu. Usimame rafuni, vumbi lisiingie, majalada yasilegee zaidi."

"Nyumba ya msahafu," nikasema.

"Haya, nyumba. Ila gundi yako ile ya makochi siitaki. Inanuka."

Mimi ni fundi makochi. Banda langu liko Rusimbi, nina cherehani moja na midomo ya wateja mingi. Shule niliiacha mapema, sikuipenda na yenyewe haikunipenda. Nilizaliwa Mwandiga, nikaitwa Fabian. Nilipomtaka Zuhra nikasilimu, nikapewa jina la Musa, na bia nikaiacha. Watu wa Ujiji walinipokea vizuri, isipokuwa kaka yake Zuhra, Mudathir, anayefundisha watoto Kurani chuoni. Huyo kila nikitafuna karafuu anadhani naficha harufu. Kwa hiyo mama mkwe aliponipa kazi ile, mbele ya mwanawe, niliichukua kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba.

Nilitia udhu, nikaupima msahafu palepale kwake: urefu, upana, unene. Nikarudi bandani.

Kazi yenyewe ni rahisi. Unataka boksi gumu. Unakata pande mbili kubwa kidogo kuliko kitabu, unakata mgongo, unakata juu na chini. Upande mmoja unabaki wazi, ndiyo mlango. Mlangoni unakata nusu mwezi pande zote mbili ili vidole vikishike kitabu na kukivuta. Ndani unatia bafta, kitambaa chepesi laini. Nje unavalisha kitambaa. Nilikuwa na kipande kizuri cha kijani kilichobaki kwenye makochi ya bwana mmoja wa bandari. Gundi nilipika mwenyewe ya unga wa muhogo, nzito kama uji wa mgonjwa, haina harufu.

Boksi ndilo lililonitia kishawishi. Wiki ile nilikuwa nimevalisha viti vya baa ya Oswald, kule Mwanga. Kazi ni kazi, viti havilewi. Wakati wa kuondoka nilichukua pale maboksi matupu ya kufungia vitambaa vyangu. Maboksi ya bia, mtu asikudanganye, ni magumu kuliko yote. Yametengenezwa kubeba chupa.

Zuhra alinikuta nalikata. Akasimama mlangoni na beseni lake la nguo.

"Musa, hilo si boksi la…"

"Boksi ni boksi. Halina dini."

"Na mama akijua?"

"Atajuaje? Juu kitambaa, ndani bafta."

"Nenda dukani ukanunue kadibodi safi. Jamani, msahafu!"

"Kadibodi ya dukani laini kama mkate. Unataka msahafu wa baba yako upinde?"

Akanitazama, akaenda kuanika nguo zake. Nilijisifu moyoni kwamba nimemshinda kwa hoja. Lakini nataka msomaji ajue jambo moja. Upande wenye picha, ule wenye chupa inayotoa povu, niliugeuzia nje. Nilifikiri: ukiwa ndani utaelekea kwenye kitabu, hata kama kuna bafta katikati. Nje ni nafuu. Mtu anayeamini kwamba boksi ni boksi tu hahangaiki kuchagua picha ielekee wapi. Nilijua, nikaendelea.

Nyumba ilipokamilika ilipendeza. Bi Asia aliuchomeka msahafu, ukaingia kwa pumzi ndogo, fuu, akaurudisha nje kwa vidole viwili, akauingiza tena. Akacheka. Majirani waliitwa kuja kuona. Mzee Sefu, rafiki wa marehemu, akasema, "Asia, huyu si mkwe, huyu mwana." Mudathir aliigeuzageuza mkononi, akasema, "Imenyooka." Kwa Mudathir, hayo ni maneno mengi.

Miezi ikapita. Mvua za masika zikaja na kwenda. Mimi nikawa nakaa mbele kidogo kwenye mkeka kuliko zamani.

Kabla ya mfungo, ikafika siku ya khitma ya marehemu. Nilifika asubuhi kusaidia kutandika. Zuhra alikuwa jikoni na wanawake, akaniambia mikeka iko chumbani kwa mama. Niliingia. Juu ya rafu, nyumba ya msahafu imesimama, kijani chake kimepauka kwa unyevu. Kitu kikanivuta. Nikaisogelea.

Kingo zake zote zilikuwa zimeshonwa. Uzi mweusi, mishono mikubwa iliyopinda, ya mtu mwenye macho mabovu, sindano imepitishwa kwenye boksi lenyewe. Mimi fundi, nikajua mara moja. Ule upande wa picha una nta inayong'aa, gundi ya muhogo haikuushika. Unyevu ulipoingia, kitambaa kikabanduka. Kikabanduka mbele ya Bi Asia, peke yake, humu chumbani. Akaiona chupa. Akachukua sindano.

Nikachungulia ndani. Hakukuwa na msahafu. Kulikuwa na khanga iliyokunjwa vizuri kwa vipimo vya kitabu, ili mtu akisimama mlangoni mwa chumba aone nyumba imejaa. Msahafu ulikuwa kwenye sanduku lililo wazi chini ya kitanda, kama ulivyokaa kabla sijautengenezea nyumba.

Nikasikia ndara nyuma yangu.

"Umeona?" akauliza Bi Asia.

"Nimeona, mama."

"Basi umeona. Chukua mikeka."

Mimi, ambaye mteja akileta kochi bovu namwambia kochi lako bovu, kalale nalo, nilibeba mikeka kifuani ili inifunike uso.

Watu wakaja, juzuu zikagawiwa, wakasoma. Sebule ikajaa sauti. Mimi nilikaa karibu na mlango, penye viatu. Walipofika mwisho, Bi Asia akauleta msahafu wa mumewe ili Mudathir asome humo. Aliuleta umefungwa kwenye khanga.

Mzee Sefu ana macho, hana breki. "Asia! Ile nyumba yake iko wapi? Mkwe kahangaika, wewe unamvisha khanga?"

"Panya, Sefu," akasema Bi Asia. "Panya wameitafuna kona."

"Panya wa Ujiji hawana adabu."

Watu wakacheka. Ikawa imekwisha. Lakini Mudathir akainua kichwa. "Panya gani, mama? Jana nimeiona rafuni, nzima."

"Nimesema panya."

"Ngoja nikaitazame, labda inatengenezeka." Akaanza kuinuka.

"Kaa, Mudathir. Watu wana njaa. Soma."

Angekaa. Nimeliwaza jambo hili mara nyingi, na nina hakika angekaa. Goti lake lilishaanza kurudi chini. Mama yake akisema kaa, hukaa, hata na ndevu zake zote. Lakini mimi nilishapandwa na moto wa masikio, na mdomo wangu haujazoea kufungwa.

"Si panya," nikasema.

Sebule ikageuka.

"Si panya. Ni mimi. Nilitumia boksi la bia, kitambaa kikabanduka, mama akakishona ili nisiaibike. Boksi nililitoa kwa Oswald, kwenye baa. Sikunywa. Nilishona viti."

Nje mwanamke mmoja alikuwa anacheka jikoni, akaambiwa nyamaza. Niliona macho yakitoka kwangu kwenda kwenye khanga mikononi mwa Bi Asia, kisha kwenye uso wake. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilidhani natua mzigo wangu. Nilikuwa nimeutua juu ya kichwa chake. Mama wa watu kasema uongo mbele ya msahafu, siku ya khitma ya mumewe, na mimi nimemtolea ushahidi.

Mudathir alinitazama. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu.

"Fabian."

"Mudathir, soma," akasema Bi Asia. Sauti yake ilikuwa chini sana.

Akasoma. Pilau likaletwa. Sinia letu lilikuwa na nafasi mbili wazi, hakuna aliyekuja kuzijaza, isipokuwa Mzee Sefu, ambaye alikaa, akala, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutania.

Watu walipotawanyika nilirudi sebuleni. Bi Asia alikuwa anafuta mkeka.

"Mama, nisamehe."

"Lipi? Lile la boksi nilishakusamehe siku nilipotunga uzi. Nilisema, kijana wa watu hakufikiri, na Mudathir anamtafuta kwa tochi. Nikakushonea." Akapiga kitambaa ukutani. "Nimekushonea kwa macho haya, Musa, najichoma vidole. Wewe umekuja kufumua mbele za watu."

"Nilitaka kusema ukweli."

"Ulitaka kupumua. Ukweli ungekuja kuniambia mimi asubuhi ile, chumbani, tulipokuwa wawili. Mbona ulichukua mikeka?"

Nilishika ncha ya pili ya mkeka, nikamsaidia kuukunja.

Baada ya siku hiyo nilikuwa nikimwamkia "Shikamoo, mama", anaitikia "Ehe." Basi. Zuhra alinipikia kama kawaida, ila hakunisuta, na Zuhra asiponisuta nyumba inakuwa kubwa na baridi. Msikitini nilijipenyeza safu ya nyuma. Sikuhitaji kuambiwa.

Siku moja Mudathir akatokea bandani kwangu. Nilimpa kiti, hakukaa. Akatoa mfukoni uzi mweusi, uleule, wenye mafundo.

"Mama kasema utengeneze nyingine. Fundo hili urefu, hili upana, hili unene."

"Niletee msahafu wenyewe nipime. Uzi unavutika."

"Msahafu hauji hapa."

Akautundika uzi kwenye mkono wa cherehani, akaondoka.

Nilifunga banda nikaenda mjini kununua kadibodi mpya. Nilichagua mpaka muuzaji akaniuliza kama naoza binti. Zuhra alinikuta naikata, akasimama mlangoni palepale.

"Kadibodi ya dukani? Si laini kama mkate?"

"Nimeibandika mbili mbili."

"Kwani boksi lina dini siku hizi?"

Nilifurahi kusutwa. Niliinama juu ya kazi ili asinione.

Safari hii sikutegemea gundi kwa kitambaa. Nilitoboa kingo kwa msumari mwembamba, nikashona kwa mkono, uzi uliopakwa nta, mishono midogo. Nilitumia njia ya Bi Asia. Yeye ndiye aliyepata dawa ya unyevu ule, pamoja na macho yake mabovu. Nikaacha nafasi kubwa kidogo kuliko fundo la unene lilivyosema, kwa sababu kitabu cha nyumba ya ziwani huvimba wakati wa mvua. Kila kipande nilikigeuza pande zote mbili na kukitazama, kana kwamba kadibodi nyeupe ingeweza kunificha kitu.

Nilimpelekea mchana. Alikuwa peke yake. Akainusa. Akatia mkono ndani, akapapasa kila kona.

"Lilikuwa la nini?"

"Halikuwa la kitu, mama. Jipya."

Akavuta sanduku, akaufungua msahafu kutoka kwenye khanga, akauchomeka mwenyewe. Uliingia wote. Akauweka rafuni, akasimama akiutazama. Kisha akaichukua ile nyumba ya zamani, yenye mishono yake, akanitilia mikononi.

"Na hii chukua wewe."

"Niitupe?"

"Huo mkono wangu. Ukiutupa, shauri yako."

Nikaaga. Nilipofika mlangoni akasema, "Uliponiamkia nilikuitikia?"

"Ulisema ehe."

"Marahaba," akasema, akafunga sanduku.

Mudathir ananiita Musa tena. Ila kabla ya kulitamka anasita kidogo, kama mtu anayeruka mtaro. Simlaumu.

Ile nyumba ya zamani iko bandani, kwenye msumari juu ya cherehani. Siwezi kuichoma na siwezi kuitupa. Nimetia rula na chaki humo ili isionekane inakaa bure. Wateja huiona, maana kitambaa kimejikunja pembeni na kipande cha povu kinachungulia kati ya mishono. "Fundi, hiki nini?" huuliza. Mimi, mtu wa kuwaambia watu kochi lako bovu, nainamisha kichwa na kukanyaga cherehani.

"Ala ya rula," nasema.

Na rula imo humo kweli.