Tepu Iliyokatika Kichwa

Karakana ya mjomba wangu ina tepu moja ya kupimia, na tepu hiyo haina kichwa. Kibati cha mwanzo kilichomoka zamani, sentimita za kwanza zikasagika mpaka namba zake hazisomeki. Mjomba hakuitupa. Alitunga sheria tu: unaanzia kumi, na mwishoni unaongeza kumi. Ukitaka themanini, unaweka alama kwenye tisini. Mteja akicheka, mjomba humjibu, "Heri tepu isiyo na kichwa kuliko fundi asiye nacho."

Tulikuwa watatu humo ndani: mjomba, mimi niliyetoka chuo cha ufundi mwaka uliotangulia, na fundi mwenzetu, baba wa watoto wawili, ambaye mtaa mzima ulimwita Porojo.

Jina hilo hakulipata bure. Akichelewa, ni ng'ombe aliyelala katikati ya barabara. Akisahau kutia gundi, basi gundi ndiyo iliyokataa kushika. Siku moja aliapa kwamba kiti amekikaza sawasawa, na mwenye kiti alipokikalia alijikuta chini, miguu juu. Tangu hapo mjomba alirudia kupima kila alichopima Porojo. Vyangu hakuvirudia. "Huyu akisema sitini, ni sitini," aliwaambia wateja, nami nikainama kwa haya na kuzidi kusugua msasa.

Asubuhi moja akaja mkunga wa zahanati ya jirani, mama mnene mwenye sauti ya upole. Alikuwa na mbao nne zilizofungwa kwa kamba. Zilitoka kwenye kabati la marehemu mama yake, na alitaka zitumike kutengeneza pande mbili ndefu za kitanda cha mjukuu aliyekuwa njiani. Vichwa vya kitanda tungevitengeneza kwa mbao zetu.

"Urefu sentimita mia na ishirini," alisema, akizipapasa kama mtu anayemuaga msafiri. "Nyingine kama hizi sina."

Mjomba akaitwa kurekebisha mlango wa ofisi fulani. Akaniachia kazi. Nilipima ubao wa kwanza, nikaweka alama, Porojo akakata. Ubao huo ukawa kipimo cha mbao tatu zilizofuata. Msumeno ulikuwa mkali, mbao kavu, kazi ikateleza. Mpaka tunamaliza, Porojo alikuwa katikati ya hadithi ya nyoka aliyejifunza kupiga mluzi.

Mjomba aliporudi alilaza ubao mmoja juu ya mchoro wa kitanda aliouchora asubuhi kwenye meza ya kazi. Akachukua tepu, akaanzia kumi, akaivuta mpaka mwisho.

"Mia na kumi," alisema.

Niliona mara moja nilichofanya. Nilianzia kumi, kisha nikaweka alama kwenye mia na ishirini, kama mtu mwenye tepu nzima.

"Porojo!" mjomba aliita. "Umekata nini hapa?"

"Nimekata palipokuwa na alama, mzee."

"Na alama imejichora yenyewe?"

"Alama siyo yangu. Haki ya Mungu siyo yangu."

"Hata kile kiti uliapa hivyo hivyo." Mjomba hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mbao za marehemu hizi, Porojo. Nitazitoa wapi nyingine? Nimechoka. Kusanya vitu vyako, kesho usije."

Alikuwa hajanitazama. Hakuniuliza hata neno moja. Nikaenda kwenye mtungi na kunywa maji ambayo sikuyahitaji. Nilijiambia nitasema nikimaliza kikombe. Nikamaliza. Nikachota kingine.

Porojo alikuwa akifunga randa yake kwenye gazeti. Alikuwa na patasi mbili na kikombe cha bati kisicho na mkono. Nilimsogelea.

"Mbona hukumwambia ni mimi?" nilinong'ona.

"Nimwambie ili iweje, dada wa chuo?" Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Neno langu na tepu ile ni ndugu. Atakayelisikia ataongeza kumi au atapunguza kumi, hakuna atakayelichukua lilivyo. Nimejitakia." Kisha akaongeza polepole, "Ila leo nilisema kweli."

Nilirudi mbele ya mjomba. Sauti yangu, ambayo hata siku njema ni ya mbu, ilitoka nusu ya mbu.

"Mjomba, ni mimi niliyepima."

Aliinua uso, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, nakujua. Una moyo wa siagi. Usimbebee mtu mzima mzigo wake."

"Simbebei. Nilisahau kuongeza kumi."

"Wewe? Usahau?" Akatikisa kichwa na kurudi kwenye mchoro wake.

Sikuwa nimelitarajia hilo. Kumbe kuaminiwa nako kunaweza kukuziba mdomo! Porojo alisema kweli hakuaminiwa, na mimi nilisema kweli sikuaminiwa, kila mmoja kwa sababu yake.

Nikapiga magoti chini ya meza, nikaanza kufukua unga wa mbao na vipande vilivyokatwa. Chuoni tulifundishwa kuandika kipimo upande wa kipande kinachotupwa, ili penseli isichafue kazi. Porojo haandiki namba kamwe. Yeye huchora mstari na kumwachia Mungu. Nilikipata kipande cha kwanza karibu na ukuta. Kwenye pembe yake kulikuwa na mshale mdogo ulioelekea mahali palipokatwa, na kando yake mia na ishirini, kwa mwandiko wangu wa mviringo ambao mjomba huusifia kila siku.

Nilikiweka mkononi mwake.

Aliisoma namba. Kisha akakaa juu ya gogo, akavua kofia.

"Porojo," aliita, "weka randa chini, ndugu yangu. Nimekuonea."

Porojo alibaki na kifurushi kifuani. "Mzee, mimi uongo haujawahi kunifukuzisha kazi. Leo nimesema kweli mara moja tu, nusura nilale njaa. Hii dawa ni kali!"

Mjomba alicheka mpaka akakohoa, nami nikalia kidogo, nikijificha nyuma ya mlango uliokuwa ukingoja rangi.

"Usiyamalize machozi," mjomba aliniambia. "Mkunga anakuja alasiri. Kupima ulipima wewe, na kusema utasema wewe."

Alasiri nilisimama mbele ya yule mama na kumweleza yote, tangu tepu mpaka alama. Alipitisha kidole kwenye ncha iliyokatwa, na niliona kwamba imemuuma. Zilikuwa mbao za mama yake.

"Hizo sentimita kumi ulizozipunguza ungeweza kunificha," alisema mwishowe. "Nisingejua."

"Godoro lingekataa kuingia, mama," Porojo alidakia. "Magodoro hayana siri."

Mama akacheka bila kupenda. "Haya. Watoto niliowapokea sina hesabu yao, na hakuna aliyezaliwa na urefu wa mita moja. Fupisheni na vile vichwa kidogo, kitanda kisionekane kibete. Godoro nitalikata mwenyewe. Na hivyo vipande msivitupe. Visugueni vizuri, mtoto atavichezea."

Nilivisugua mwenyewe, kila kona, mpaka vikawa laini kama sabuni iliyotumika.

Juma lililofuata tulikuwa na fremu ya dirisha. Porojo alipima ubao, akauwekea alama, akauacha na tepu mezani kwa mjomba, kisha akatangaza kutoka upande wa pili wa chumba, "Themanini na mbili, mzee!"

Mkono wa mjomba ulikwenda kwenye tepu, kama ulivyozoea. Ukasimama hewani. Kisha ukashuka, ukashika msumeno, na mjomba akaweka meno ya msumeno juu ya alama bila kuuliza neno.

"Ngoja, ngoja, mzee!" Porojo alipiga kelele, akiruka mabaki ya mbao. "Usikate kwanza. Nipime tena."