Pamoja na Chakula

Mtaani walimwita Mwalimu, na hata baada ya kustaafu aliendelea kufundisha, ila darasa lilibaki na mwanafunzi mmoja tu: mdogo wake, kinyozi, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa na damu yake ikisafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Mwanafunzi huyo alikuwa mtundu. Alikatazwa maji mengi, akafumaniwa nyuma ya mlango wa friji akimumunya barafu, na Mwalimu alimgombeza mpaka majirani wakamwonea huruma.

Kwenye vidonge vya kalsiamu ndiko hakukuwa na mchezo. Daktari alisema zamani avitafune pamoja na chakula, vinase madini mabaya ya chakula kabla hayajaingia kwenye damu. Mwalimu akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Tonge la kwanza, kidonge. Kinyozi akijisahaulisha, sahani inaondoka mezani. Alijivunia sana, na wageni walisimuliwa watake wasitake.

Kisha tezi za shingoni, zile ndogo zinazopanga kalsiamu mwilini, zikavimba zikaanza kumla Kinyozi mifupa. Akapasuliwa, zikatolewa. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alileta mfuko wa dawa uliojaa.

"Mama, hivi vidonge kuanzia sasa..."

"Navijua, mwanangu. Navitoa tangu hujaanza uuguzi."

Mwalimu akaupokea mfuko akaenda kutafuta teksi.

Nyumbani vidonge vilikuwa vingi kuliko zamani, lakini Mwalimu hakutetereka. Tonge, kidonge, tonge, kidonge. Wiki haijaisha, Kinyozi akaanza kujipapasa mdomo.

"Dada, midomo inanitambaa, utadhani ina sisimizi. Na vidole pia."

"Na ulimi je? Mbona huo haufi ganzi tukapumzika?"

Wakacheka wote wawili. Hata walipokwenda kwenye mashine na muuguzi akauliza hali ya mgonjwa, aliyejibu ni Mwalimu: "Hajambo, anadeka tu."

Jumamosi Kinyozi alitoroka kwenda chumba cha mbele anakonyolea watu, akamkalisha mteja wake wa siku nyingi. Mwalimu alisikia mashine ya kunyolea ikianguka sakafuni na mteja akipiga kelele. Alipofika, mkono wa mdogo wake ulikuwa umejikunja kwenye kifundo, vidole vimebanana na kukakamaa, na yeye anatweta. Mteja alimbeba mpaka kwenye gari, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine una nywele zake zote, wala hakujali.

Hospitali walimtundikia dripu ya kalsiamu, wakambandika nyaya kifuani kuangalia moyo. Mkono ukalegea polepole. Ndipo daktari akaja na majibu ya damu, uso umekunjamana.

"Tezi zikitoka, mifupa inashikwa na njaa. Inaifyonza kalsiamu yote. Maji ya mashine tutayaongezea kalsiamu, lakini vidonge ndiyo tegemeo. Anapewa katikati ya milo, tumbo likiwa tupu?"

Mwalimu akarudia: "Tumbo tupu?"

"Ndiyo. Akila navyo vinanaswa na chakula vinatoka nacho. Zamani tulitaka hivyo. Sasa tunavitaka mwilini. Anapewa tumbo likiwa tupu?"

"Ndiyo," Mwalimu akasema. Neno lilimtoka kabla hajalipima, na likishatoka halirudi.

"Basi anavitema."

Kinyozi alimtazama dada yake, kisha akatazama dari. "Navitema, daktari. Vinanichefua."

Daktari akashusha pumzi. "Nilikuwa nataka nikupeleke kwenye kamati ya kupandikizwa figo. Mtu anayetema dawa hapewi figo, ndugu yangu. Itakufa kama hizi." Akageuka kuondoka.

Mwalimu aliona aibu, kwa kuwa alijua kwamba sehemu fulani ya moyo wake, sehemu ndogo na chafu, ilikuwa imeshukuru lawama kumwangukia mdogo wake. Daktari alipofika mlangoni, Mwalimu akamkimbilia.

"Si yeye. Ni mimi. Nimempa na chakula kila siku, nikamsimamia mpaka ameze. Hajatema hata kimoja. Nimekudanganya."

Daktari hakumfokea. Alisema tu vizuri amejua, sasa wavitoe inavyotakiwa, na kamati itaambiwa ukweli. Mwalimu alitamani angefokewa. Angekuwa yeye, angefoka.

Akarudi kukaa kitandani kwa mdogo wake. "Kwa nini ulijibebesha kosa langu?"

"Mimi nimeshazoea kugombezwa. Wewe hujazoea."

"Kama ungejua kwamba ni tumbo tupu..."

"Nilijua. Muuguzi aliniambia ulipokwenda kutafuta teksi."

"Ukanyamaza? Ungekufa, mdogo wangu! Ungeniambia!"

"Nilikuambia, Dada." Alisema kwa upole, bila kisasi. "Mezani, jioni ile ile. Ukasema nisikufundishe kazi, nifungue mdomo."

Mwalimu alijaribu kuikumbuka jioni hiyo. Aliitafuta meza, sahani, sauti ya mdogo wake ikianza kusema. Hakuipata. Maneno hayo alikuwa amemwambia mara nyingi mno, hata hakujua ile ilikuwa lini.