Ufa Uliochujwa

Ofisini walimwita Mama Vigae, na jina hilo lilimletea visa. Mzee mmoja aliwahi kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akihema, amuulize kama anavyo vya bafuni vya rangi ya maziwa.

Kazi yake ilikuwa nyingine kabisa. Kila mwezi droni iliruka juu ya machimbo ya mawe, ikaupiga mwamba kwa leza na kurudi na mamilioni ya nukta, kila nukta ikionyesha mahali leza ilipogonga. Rundo hilo lilikuwa zito mno kufunguka kwenye kompyuta ya kawaida. Basi yeye alilipitisha kwenye programu iliyolikata vipande vidogo vya mraba, ndivyo hivyo vigae, ili msimamizi asimame kule shimoni na tableti yake, aguse sehemu anayoitaka na kuiona.

Siku hiyo, saa tatu asubuhi, msimamizi alimpigia simu.

"Mama Vigae, ramani yako imetoboka. Juu ya ukuta wa mashariki kuna vigae vitatu havifunguki. Nagusa, naona weupe tu."

"Nipe nusu saa, bosi."

"Nusu saa yako naijua! Lakini usiirudishe kuwa nzito kama zamani. Siku hizi inafunguka chapuchapu, vijana wanakusifu."

Mama Vigae alicheka akakata simu. Sifa hizo alizitolea jasho. Miezi mitatu nyuma, walipolalamika kwamba ramani inakokota, alikaa siku mbili akiichezea mipangilio ya programu. Alipunguza nukta. Akakaza kichujio kinachotupa takataka, yaani vumbi, ndege wapitao na nukta zinazoelea zenyewe. Nukta zilizobaki akazikuza ili zizibe mapengo. Mwamba ukatoka laini kama umepigwa pasi.

Alifungua taarifa za programu. Vigae vile vitatu vilikuwa vimeandikwa bila nukta hata moja. Akadhani kompyuta imeishiwa nguvu, akapunguza kazi zinazokwenda kwa pamoja, akajaribu tena. Sifuri. Labda faili la droni limeharibika? Akalikagua, lilikuwa zima. Akabaki na kitu kimoja tu cha kujaribu. Alizima kichujio, akaviendesha vigae vile na majirani zake, akaenda kuchukua chai.

Aliporudi, kikombe kilimponyoka kidogo, chai ikamwagikia vidole. Hakuisikia.

Juu ya ukuta wa mashariki, nyuma kidogo ya ukingo, palikuwa na mstari mweusi. Aliusogelea, akauzungusha, akaupima. Mita arobaini kwa urefu, na mahali pengine upana wa shubiri nzima. Nukta chache zilikuwa zimezama ndani yake, mbali na nyingine, na kichujio kilikuwa kimezitupa zote kama vumbi; vigae vitatu vilivyoangukia humo vikabaki vitupu, na kwingine nukta zilizokuzwa zikauziba.

Alifungua data ya mwezi uliopita, bila kuchuja. Ufa ulikuwapo, mwembamba kama kidole. Akafungua ya mwezi wa kabla yake. Ulikuwapo pia, kama uzi.

Akashuka na macho hadi chini ya ukuta. Palikuwa na mashine ya kutoboa miamba, na pembeni yake nukta kama thelathini zimesimama wima. Mtu. Kichujio kilikuwa kikimtupa na yeye. Na mtu wa mashine hiyo alikuwa kaka yake, kifunguamimba wa mama yao, aliyemwambia juzi tu, "Wiki hii nzima niko mashariki, kivuli ni kingi, raha mustarehe."

Alimpigia. Simu iliita mpaka ikachoka. Akakumbuka kwamba wachimbaji huacha simu zao kabatini langoni.

Hapo ndipo wazo baya lilipomjia: mwambie msimamizi ufa umeonekana leo tu, basi. Nani atajua? Wazo lenyewe lilimtia hofu kuliko ufa. Akapiga.

"Vimefunguka?" msimamizi aliuliza.

"Bosi, toa watu mashariki. Sasa hivi. Kuna ufa juu ya ukuta."

"Ufa gani? Ramani yako hii hapa, ukiacha weupe ule haina hata mkwaruzo."

"Nimeuficha mimi. Nilipofanya ramani iwe nyepesi niliufuta bila kujua. Una miezi mitatu na unapanuka. Nakuomba, kaka yangu yuko pale."

Alimsikia akifoka kwenye redio, "Mashariki, wote tokeni! Acheni kila kitu!" Sauti zikaanza kuitikia. Dereva wa kijiko, nje. Wapakiaji, nje. Mtu wa mashine ya kutoboa hakuitikia. Msimamizi akaita tena, na tena. Mama Vigae aliibana simu sikioni mpaka sikio likauma, akisikia buti zikikimbia kwenye kokoto na mtu akipiga filimbi. Alijikuta anahesabu pumzi zake.

"Anakuja," msimamizi alisema mwishowe, akihema. "Mashine ilikuwa inanguruma, hakusikia kitu. Anatukana, lakini anakuja."

Aliweka simu mezani, akalia mbele ya wenzake bila aibu.

Mchana mpimaji wa machimbo alipanda juu ya ukuta akiwa amefungwa kamba, akaingiza mkono ndani ya ufa hadi begani. Ukuta haukuanguka siku hiyo. Ulianguka siku ya nne, alfajiri, kabla ya zamu kuingia, ukaifunika mashine ya kutoboa isionekane hata bomba.

Yeye aliitwa mbele ya wakubwa, akaeleza yote, akapewa barua ya onyo. Ramani ikarudi kuwa nzito, na vijana wakarudi kulalamika.

Kaka yake alikuja nyumbani Jumapili.

"Miezi mitatu," alisema.

"Miezi mitatu, kaka."

"Sijui nikushukuru au nikuzabe kofi."

"Hata mimi sijui."

Kaka alisonya, akavuta kiti karibu na meza, akamwambia ampakulie chakula.