Mteja Anasema

Walikuwa wameshaliacha kanisa lao jeupe nyuma, barabara imenyooka katikati ya mashamba ya viazisukari yaliyolala chini ya theluji, ndipo Lavonne akamwambia mumewe aanze tena kujizoeza maneno ya kusema gereji.

"Gari hili linazimika," Arvid akasema.

"Unamwambia Curtis au unaliambia shati lako?"

Arvid akakohoa. Alikuwa na miaka sabini na minane, amelima toka utoto, amezika kaka wawili, lakini kulalamika hakufundishwa. Watu wa upande huu wa Minnesota hawalalamiki. Ghala lako liungue usiku, asubuhi jirani akuulize hali, unamjibu siyo mbaya, upepo ungevuma ingekuwa balaa.

Gari walilinunua mwezi wa nane, la kwanza jipya katika ndoa ya miaka hamsini na mitatu. Figo za Lavonne zilikuwa zimechoka, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilibidi apelekwe mjini, maili arobaini, akasafishwe damu kwa mashine. Pikapu yao kuukuu haikuaminika tena. Hili jipya nalo likaanza kuzimika njiani, taratibu, bila kishindo, kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri. Mara tatu Arvid alilirudisha walikolinunua, mara tatu wakalitengeneza, mara tatu likazimika tena.

Binti yao Karin, anayeishi Denver, ndiye aliyesoma sheria ya jimbo. Gari jipya likitengenezwa mara nne kwa kasoro ileile na lisipone, kampuni ilichukue na kukupa jingine. Akaomba atumiwe picha za karatasi za gereji. Alipozisoma akapiga simu. Kila karatasi ilikuwa na mstari wa kuandika shida aliyoieleza mwenye gari. Ya kwanza: mteja anasema siyo mbaya sana. Ya pili: mteja anasema huenda ni baridi tu. Ya tatu: mteja anasema samahani kwa usumbufu.

"Baba," Karin alisema, "kwa karatasi hizi gari lako ni zima kabisa. Wewe ndiye unayeumwa."

Kwa hiyo Alhamisi hii Lavonne alikataa kubaki nyumbani kupumzika. Mdomo wa mumewe haukumtia imani. Mapajani alipakata sahani ya chapati za viazi, zimefunikwa vizuri, kwa sababu Arvid alisema huwezi kwenda kumlalamikia mtu mikono mitupu, tena Curtis, mpokeaji wa magari pale gereji, ambaye Arvid mwenyewe ndiye aliyemfundisha masomo ya kipaimara.

"Tena," Lavonne akasema.

"Gari hili linazimika, na…"

Likazimika. Arvid akaliegesha pembeni kwa mwendo uliobaki. Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Akamfunika mkewe blanketi hadi kidevuni, akavua kofia yake ya masikio na kumvisha juu ya kitambaa chake, akashika mlango atoke.

"Kaa, Baba."

"Nikapungie magari."

"Kaa kwanza." Akamshika mkono wa koti. "Mimi mashine siiogopi, wala siogopi kufa, tumeshayaongea hayo. Naogopa kukaa humu nakuangalia umesimama barabarani huna kofia. Jana nilihesabu dakika arobaini. Masikio yako yalikuwa meupe kama karatasi. Hilo ndilo ukaseme. Kama huwezi kulisema kwa ajili yako, lisemee kwa ajili yangu."

Arvid aliuachia mlango. Alikaa, akaingiza mikono yake chini ya blanketi akaitafuta ya mkewe. Wakakaa hivyo, vioo vikiota barafu kwa ndani, mpaka gari likakubali kuwaka.

Curtis aliwapokea kwa kahawa kama kawaida, akampa Lavonne kiti karibu na kipasha joto, akaipokea sahani akisema wasingejisumbua. Kisha akarudi nyuma ya kaunta, akachukua kalamu na kuuliza gari linaendeleaje.

"Siyo…" Arvid alianza. Akageuka. Lavonne alikuwa amekaa na ile kofia kubwa bado kichwani, hamtazami, anachungulia kahawa.

"Ni baya," Arvid akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na fundi mmoja akainua kichwa. "Linazimika njiani, Curtis. Limezimika jana, limezimika leo. Mke wangu ni mgonjwa, na anakaa kwenye baridi akinihofia mimi. Mlilitengeneza mara tatu na halijapona hata mara moja. Nataka uandike hivyo hivyo."

Kisha akaomba radhi kwa kupiga kelele.

Curtis aliandika polepole, neno kwa neno. Alipomaliza akaenda kwenye kompyuta, akatoa karatasi nyingine na kuisukuma mbele ya Arvid. Ilionyesha kwamba mara zote tatu walibadilisha kitu kimoja, pampu ya mafuta.

"Mwalimu, mimi siruhusiwi kuandika ambalo mteja hajasema," akasema. "Toka mwezi wa kumi nakusubiri useme."

Pampu ya nne, waliyoifunga siku hiyo, iliishi siku tisa. Karin akaiandikia kampuni, akaambatanisha karatasi zote, na mwezi wa nne likaletwa gari jingine la aina ileile, rangi ya kijivu. La kwanza lilitengenezwa, likauzwa jimbo jingine pamoja na hati inayoeleza kasoro yake. Curtis aliacha kazi mwaka uliofuata, sasa ana gereji yake ya matrekta. Lavonne aliendelea kwenda mjini mara tatu kwa wiki kwa miezi kumi na tisa, na njiani hawakusimama hata mara moja. Alifariki nyumbani mwezi wa kumi na moja, mchana. Karin alikaa na baba yake mpaka Krismasi, kisha akarudi Denver. Arvid bado analo gari la kijivu. Analiendesha kwenda kanisani na dukani. Blanketi liko kwenye kiti cha mbele.