Sahani Kubwa ya Nuru ya Kuze

Mimi ni kinyozi, na duka langu liko Kibokoni, lakini kunyoa siko kulikonipa jina. Watu wa Mji wa Kale walinijua kwa masikio. Mtu akitaka kujua kama sauti ya mwimbaji fulani imeanza kwisha, au kama fidla ya kundi fulani haikukazwa sawasawa, alikuja kuniuliza mimi Sheikhan, nami nilimjibu. Asiyeuliza pia nilimjibu.

Mwaka ule wa 1967 kundi la Nuru ya Kuze lilitoa sahani kubwa ya santuri. Nuru ya Kuze lilikuwa kundi letu la taarabu, lililotuoza karibu sote. Mwimbaji wake, Bwana Jamaldin, alikuwa amekaribia miaka sitini. Zamani walitoa sahani ndogondogo, wimbo mmoja huku na mmoja kule, kisha wakanyamaza miaka tisa. Arusi zikachukuliwa na vijana wa magitaa, ambao suruali zao zilibana hata nikiwatazama kiuno kinaniuma mimi. Mwaka mzima na zaidi Nuru ya Kuze hawakuitwa hata arusi moja. Jamaldin aliniambia akiwa kwenye kiti changu, povu shavuni, kwamba wakiikosa na arusi ya Swabaha watauza ala na kila mtu ashike njia yake.

Swabaha alikuwa kitinda mimba wa Bi Khairiya wa mtaa wa Kuze, na hiyo ndiyo iliyokuwa arusi kubwa ya mwaka. Bi Khairiya hakuwa mtu wa kurairaiwa. Nilikwenda kumsemea Jamaldin, nikakaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni, naye akanijibu kutoka nyuma ya pazia.

"Sheikhan, mimi sitaki maneno. Naambiwa wanatoa sahani. Isikize wewe kwanza, kisha niletee. Nitakata shauri kwa masikio yangu."

Nilitoka pale nimevimba kichwa. Kazi ya watu wanane ilikuwa imewekwa mikononi mwangu, na nilijiona ninastahili.

Sahani ilipofika kutoka studio, dukani tulikuwa watatu. Kulikuwa na Taib mshoni, aliyependa kila kitu kipya mradi kiwe kipya. Kulikuwa na Mung'aro, karani wa bandarini, Mgiriama aliyezijua nyimbo za Nuru ya Kuze kuliko sisi tuliozaliwa humo humo Kuze. Na mimi. Hakuna aliyepata kumiliki sahani kubwa, kwa hiyo tuliipokezana kwa ncha za vidole kama mtoto mchanga. Kwenye bahasha yake palikuwa na picha ya kundi zima wamevaa tarbushi, na mpiga kodiani amesinzia.

Katikati ya sahani paliandikwa thelathini na tatu na theluthi. Mung'aro alitafakari, kisha akatoa kalamu yake ya kazini.

"Kundi lilianza Januari mwaka wa thelathini na nne," akasema. "Sasa ni Mei. Miaka thelathini na tatu kamili. Na theluthi ya mwaka ni miezi minne."

Tukahesabu na sisi kwa vidole, ikawa kweli. Tulimsifu sana mwenye studio kwa jinsi alivyokuwa mwangalifu wa tarehe.

Nikaiweka kwenye kinanda changu cha santuri. Kinanda kile kilikuwa cha umeme, na ubavuni kilikuwa na kijiti cha kuchagua mwendo. Nilikuwa nimekifunga kijiti hicho kwa uzi tangu siku niliyokinunua, kwenye mwendo wa zile sahani ndogo, kwa sababu wateja wana mikono na mikono haina adabu. Nikashusha sindano.

Fidla zilitoka mbio. Ngoma ikazifuata mbio. Kisha akatoka Jamaldin, na sauti yake ilikuwa ya kijana wa miaka ishirini ambaye hata posa hajapeleka.

Taib alisimama na mkasi wake mkononi. "Mashaallah. Mzee kafufuka huyu."

Wimbo ulipokwisha, Mung'aro akauliza polepole, "Kwani wanafukuzwa na nani?"

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ulidumu siku sita. Taib alisema kwamba hatimaye Nuru ya Kuze wamezinduka, wamejua ulimwengu unakwenda wapi, na kwamba wale vijana wa magitaa sasa wakatafute kazi ya kuuza mbaazi. Mung'aro alisema wametusaliti. Alisema alikulia Kaloleni akitembea saa mbili kwa miguu kwenda kusikiliza sahani yao moja kwenye duka la Mhindi, na kilichomfanya atembee ni ule utulivu wao, na sasa mtu mzima Jamaldin anarukaruka kama aliyemwagiwa maji moto. Taib akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mung'aro akamjibu kwamba koleo halikuvunjika, bali mhunzi ameingiwa na wazimu. Alikuja mzee mmoja kunyolewa, akasikiliza pande zote mbili, akasema yeye hana la kulaumu ila ile picha ya mpiga kodiani aliyesinzia.

Na mimi, mwenye masikio, nilihukumu. Nilisema sauti imerudi. Niliwaeleza kwamba Jamaldin amebadilisha namna ya kuvuta pumzi, na kwamba nasikia wazi alikuwa akinywa asali ya nyuki wadogo kila alfajiri. Hata jinsi fidla zilivyopanda nilieleza: nyuzi mpya, za kutoka Misri. Mtu akinisikiliza angedhani nilikuwa studio nimewashikia vyombo.

Siku ya Jumatano nikabeba kinanda na sahani mpaka kwa Bi Khairiya. Swabaha mwenyewe ndiye aliyevipokea mlangoni, nami nikakaa dakani kusubiri. Sahani ilipoanza nilisikia bangili za Swabaha zinacheza nyuma ya pazia, na mimi nikatabasamu peke yangu. Nikajua arusi tumeipata.

Muziki ukakatwa katikati ya wimbo wa pili.

"Sheikhan," akasema Bi Khairiya, "Jamaldin aliimba arusini kwangu miaka thelathini na moja iliyopita. Alikuwa kijana wakati ule, na hata kwa ujana wake hakuimba hivi. Leo ana mvi, anajitia mwana mdogo. Sitaki mzee wa kujitia mwana mdogo mbele ya wageni wangu. Nikitaka ujana nitawaita vijana, angalau wao hawadanganyi. Ijumaa baada ya sala ntatuma mtu kwa wale wa magitaa."

Nilijaribu kumweleza habari za asali. Akaniambia asali hiyo nimwekee mama yangu.

Sikumwambia mtu. Jamaldin angeniuliza ningemwambia nini? Kwamba ameikosa arusi kwa kuimba vizuri mno? Siku mbili niliwakata watu vibaya.

Ijumaa asubuhi Jamaldin akaja kunyolewa kwa ajili ya sala. Alitoa salamu, tukaitika, tukaulizana hali na hali za nyumbani kama desturi, akaketi. Taib na Mung'aro walikuwapo kama kawaida yao, kila mmoja benchi lake kwa sababu walikuwa hawakai tena pamoja. Jamaldin hakuwa na kinanda nyumbani kwake. Yule mwenye studio alimpa mkono na soda, sahani hakumpa. Mimi nilikuwa nimempaka povu na nimekwisha kumnyoa shavu la kulia, na nilikuwa naomba Mungu asiniulize habari za Bi Khairiya, ndipo Taib alipoinuka ili kumkirimu na kuishusha sindano.

Jamaldin alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinamia upande, kwa adabu ya mtu wa ufundi anaposikiliza kazi ya mwenzake. Wimbo ulipofika katikati akauliza, "Ni nani kijana huyu?"

Taib akacheka. Akadhani ni unyenyekevu.

"Si vibaya," akaendelea Jamaldin. "Sauti anayo. Lakini ana pupa, hangoji neno litue. Ni wa hapa Mombasa?"

Mung'aro alinitazama mimi, mimi nikatazama sahani ikizunguka, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi ilivyokuwa inazunguka kwa haraka.

"Bwana Jamaldin," nikasema, "huyu ni wewe."

Jamaldin akauliza kinanda changu kina kasi ngapi, kwa maana yule mwenye studio alimwambia sahani kubwa huenda mwendo wa mizunguko thelathini na tatu na theluthi kwa dakika, polepole kuliko ndogo. Mung'aro alifumba macho. Karani wa bandarini mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyetuhesabia miezi minne.

Kinyozi hajinyoi, lakini siku ile nilijinyoa mwenyewe bila maji. Nilichukua wembe ule ule, nikakata uzi, nikasogeza kijiti.

Fidla zikatulia. Ngoma ikashuka chini ikapata uzito wake. Kisha akaja Jamaldin, yule hasa, sauti nzito yenye mikwaruzo, ikipita kila neno kama mtu anayekagua nyumba yake kabla ya kulala. Mung'aro alianza kutikisa kichwa na machozi yakamtoka wazi wazi, hakuyafuta. Taib alijikunyata. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mwendo ule mwingine ulikuwa na uchangamfu wake.

Kwenye ubeti wa tatu, palipotakiwa kupanda juu, sauti ilipanda nusu ikakwama. Ikasikika pumzi, pumzi ya mtu mzima aliyechoka, halafu ikamalizia kupanda.

"Hapo nilimwomba mwenye studio turejee," akasema Jamaldin. "Akakataa. Akasema mkanda ni ghali." Alikuwa akitazama miguu yake, povu bado liko kwenye shavu la kushoto. "Sheikhan, iregeshe pale ilipokuwa."

"Wapi?"

"Kwenye mbio. Waache watu wasikie ile."

Nilihisi uchungu nisioweza kuueleza vizuri hata leo. Siku sita nilikuwa nimewafundisha watu kumpenda mtu asiyekuwapo, na sasa mwenyewe alitaka kumwachia kijana huyo jina lake. Ikanibidi niseme. Nikamwambia yote: kwamba Bi Khairiya ameisikia ile ya mbio, ameikataa, na kwamba sala ikiisha anatuma mtu kwa vijana wa magitaa.

"Basi na hii asiisikie kabisa," akasema. "Heri anione mwongo kuliko kuniona nimekwisha."

Nilichomoa waya, nikakiweka kinanda begani, sahani kwapani, nikatoka. Nilimwacha mwimbaji mkubwa wa Mombasa kwenye kiti changu amenyolewa shavu moja, na watu wa Kibokoni wakaniona kinyozi wao anakimbia kuelekea Kuze saa tano na nusu ya Ijumaa akiwa na wembe mdomoni. Wembe niliusahau mpaka mlangoni kwa Bi Khairiya.

Nilibisha. Swabaha akafungua, nikamwomba amwambie mamake kwamba Sheikhan amekuja kukiri kosa. Nilimsikia Bi Khairiya akishuka ngazi taratibu, akikohoa, mpaka nyuma ya pazia.

"Sema."

Nikasema. Kulisema jambo lile mbele ya mwanamke aliyenipa kazi ya masikio kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Nilimwambia kuhusu uzi, kuhusu miezi minne, na kwamba hakuna asali wala nyuzi za Misri, nilibuni. Swabaha alicheka nyuma ya pazia, akanyamazishwa. Kisha nikapewa ruhusa ya kukiwasha mwenyewe, pale pale mlangoni, waya ukapitishwa chini ya pazia.

Safari hii bangili hazikulia. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Ulipokaribia wa tatu nilitamani niinue sindano nijifanye imeruka, na Mungu anajua mkono wangu ulikwisha nyooka. Nikaurudisha. Sauti ikapanda nusu, ikakwama, ikaja ile pumzi.

Wimbo ukaisha. Sindano ikawa inakwaruza peke yake.

"Kazeeka," akasema Bi Khairiya.

"Kazeeka, Bi Khairiya," nikaitikia.

"Pale alipovuta pumzi," akasema, kisha akaanza upya. "Mimi nami nikipanda ngazi yangu hii, kuna kidato kimoja ninaposita hivyo hivyo. Watoto hunipita wakaenda zao, hawajui kwamba nimebaki nyuma." Akakohoa. "Swabaha, usitume mtu kwa wale vijana."

"Lakini mama—"

"Vijana wako wataimba arusini kwa bintiyo." Halafu akanigeukia mimi, nilijua kwa sauti. "Mwambie Jamaldin aje. Mwambie aimbe kama alivyo, kwa mwendo wake. Na akisita kuvuta pumzi, tutamngoja."

Nilimshukuru, nikakusanya waya wangu. Nilirudi Kibokoni kwa kupitia uchochoro wa nyuma, kinanda begani, nikilia, na kila aliyeniuliza nilimwambia ni jasho.