Kumi na Mbili kwa Lita

Madereva wa kampuni ile walikuwa na njia zao za kujua gari limekula kiasi gani, na nyingi zilikuwa upuuzi mtupu. Mmoja alitazama mshale wa geji, akisahau kwamba mshale ule hupanda gari likiwa mlimani na kushuka likiwa bondeni, kama mtu asiye na msimamo. Mwingine alitia mafuta Jumatatu, na yakimfikisha Ijumaa alisema gari lina adabu. Wa tatu, waliyemwita Mchungaji kwa sababu hakuna aliyemaliza kusalimiana naye bila kupewa ushauri, alisikiliza injini tu na kutoa hukumu. Tone aliwaona wote watoto wadogo.

Yeye alijaza tangi mpaka mpini wa pampu ukakata wenyewe, pampu ileile, gari likielekea upande uleule, kisha akarudisha kile kihesabu kidogo cha kilomita kwenye sifuri. Akija kujaza tena, alichukua kilomita alizotembea, akazigawa kwa lita zilizoingia, kichwani, kabla muuza mafuta hajafunga kifuniko. Jibu lilikuwa kumi na mbili. Miaka nenda miaka rudi, pikapu ile ya kusambaza dawa za mifugo ilikwenda kilomita kumi na mbili kwa lita moja ya petroli, na hakuna mwenzake aliyevuka kumi. Hakukanyaga mafuta kwa hasira, hakushika breki kama anayeua mende, na akiona foleni kwa mbali aliliachia gari lijiendee lenyewe. Ndiyo maana wakamwita Tone. Walisema ni mkono wa birika, kwamba angeweza kuikamua hata harufu ya petroli airudishe tangini. Alicheka nao. Mtu akiwa na kitu kimoja anachokijua kuliko wote, utani haumchomi.

Mwaka ule kumi na mbili ikashuka. Mkewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma, ghafla, kwa homa iliyoonekana ya kawaida, na mara tu waombolezaji walipotawanyika hesabu ikaja kumi na moja. Kisha kumi. Siku moja ikaja kumi kasoro, akairudia mara tatu amesimama pale pampuni huku gari la nyuma likimpigia honi.

Meneja akamwita. Hakuwa mtu mbaya, ila naye alikuwa na wakubwa wake waliomkaba shingo.

"Mzee Tone, wewe ndiye tuliyekuwa tunamtolea mfano," alisema. "Gari unalala nalo nyumbani. Njia ni zilezile. Sasa mafuta yanakwenda wapi?"

"Hata mimi nayatafuta, bosi."

"Yatafute mpaka mwisho wa mwezi. Yasipoonekana gari litalala hapa, na mimi itabidi niandike kwamba yanauzwa."

Neno lile, yanauzwa, alilirudia kichwani siku nzima. Alikuwa karibu kustaafu. Aondoke na jina la mwizi wa petroli, yeye, Tone, ambaye hata kibiriti cha ofisi hajawahi kutia mfukoni. Aliona heri wamfukuze kwa kosa jingine lolote.

Alianza na fundi, rafiki yake tangu wote wawili wana nywele. Fundi alibadilisha plagi, akapuliza kichujio cha hewa, akaongeza upepo, akainua magurudumu moja moja kuona kama kuna breki inayoshika. Kisha wakajaza tangi, wakaenda pamoja hadi mwisho wa lami na kurudi, wakajaza tena. Tone akapiga hesabu. Kumi na mbili, na chenji.

"Gari lako halina hata mafua," fundi alisema akijifuta mikono. "Hapo mgonjwa ni mwingine."

"Nani?"

"Anayeyanyonya ukishalala. Au mguu wako umekuwa mzito, ndugu yangu. Umri huo."

Mguu haukuwa mzito. Tone akanunua kifuniko cha tangi chenye kufuli. Akaanza kuwatazama majirani kwa jicho la pembeni, hasa yule mwenye pikipiki, ambaye kosa lake lilikuwa kumsalimia kwa uchangamfu mno. Akamwaga mchanga mkavu chini ya gari aone kama kuna kinachovuja. Asubuhi mchanga ulikuwa mkavu vilevile, kufuli liko salama, na alipojaza tena hesabu ikaja kumi.

Na tuseme ukweli, kuwinda mwizi kulimfaa. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu na mtu mmoja. Viti vya sebuleni vilikuwa bado vimebanwa ukutani kama vilivyowekwa siku ya msiba, na hakuona sababu ya kuvirudisha katikati, maana nani angekaa. Kitandani alilala upande wake uleule. Alipika kwa sufuria ndogo kuliko zote na bado chakula kilibaki. Jumapili mwanawe alipiga simu kutoka mbali akauliza, "Baba, umekula?" naye akajibu amekula, kisha wakatafuta la kuongeza likakosekana. Alikuwa mpweke, na hakujua mtu wa umri wake anaupeleka wapi upweke. Ukiwa na mwizi wa kumfikiria, angalau jioni inakuwa na kazi.

Katikati ya mwezi kampuni ikafunga kijisanduku kidogo chini ya dashibodi ya kila gari, kinachopeleka habari zote ofisini: gari liko wapi, linakwenda kasi gani, tangi lina kiasi gani, injini inawaka au imezimwa. Madereva walinung'unika. "Sasa hata tukijikuna wataona," Mchungaji alisema. Tone peke yake ndiye aliyefurahi. Alijua mwizi wake sasa ana siku chache.

Haikupita wiki, karani wa magari akamwita. Alikuwa binti mpole, rika la mwanawe, na chumba chake kilikuwa nyuma ya ghala, kimejaa harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alianza kwa kufunga mlango.

"Kaa, baba."

"Umemwona?"

"Nani?"

"Mwizi."

Karani akamgeuzia kioo cha kompyuta. Palikuwa na mistari ya buluu na mistari myekundu. Akamweleza kwamba ya buluu ni gari linatembea, na myekundu ni gari limesimama na injini inawaka.

"Mafuta hayaibwi, baba. Yangeibwa ningeona yameshuka kwa mkupuo. Haya yanaungua. Tazama. Kila jioni unafika hapa, unasimama, na injini inaendelea kuwaka. Juzi ilikuwa saa nzima kasoro kidogo. Jana imezidi saa."

"Hapo ni wapi?"

Aliikuza ramani. Tone aliona kona, kisha duka la mbao, kisha paa analolijua.

"Hapo ni kwangu," alisema. "Getini kwangu. Lakini mimi huwa nasimama dakika mbili tu. Tatu zikizidi."

"Ni saa nzima, baba."

"Basi kisanduku chenu kibovu."

Binti hakubishana. Alimwacha atazame, na Tone akatazama jioni moja baada ya nyingine, nyekundu, nyekundu, nyekundu, zote mahali pamoja. Hesabu yake ya tangi kwa tangi ilijua kilomita na lita. Saa haikuzijua, na gari lililosimama halina kilomita. Bila kutaka, kichwa chake kikaanza kugawa: lita moja hivi kila jioni, siku kadhaa kwa wiki. Ikatoka kumi. Ilikaa sawasawa kabisa.

"Baba," karani aliuliza taratibu, "hapo huwa unamngoja nani?"

Tone alifungua mdomo aseme hamngoji mtu.

"Mke wangu," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa anafungua geti."

Ilikuwa hivyo tangu walipohamia. Hakuwahi kupiga honi. Mkewe aliujua mlio wa pikapu kuanzia kona ya duka la mbao, na gari likifika yeye alikuwa njiani anatoka, akifuta mikono kwenye gauni. Komeo lilikuwa gumu, lazima uliinue kidogo ndipo ulivute, na Tone alingoja bila kuzima, kwa kuwa kuzima na kuwasha tena kwa hatua chache vile aliona ni ubadhirifu. Kisha mkewe alisogea dirishani. "Limekula ngapi leo?" "Kumi na mbili." "Lina adabu kuliko wewe mezani." Utani huohuo miaka yote, na kila jioni aliucheka.

Siku hizi alifika, akasimama, akaweka mikono juu ya usukani. Hakujiambia kwamba anamngoja. Alikuwa anapanga tu ya kumsimulia: ng'ombe gani kampiga teke daktari, fundi kasema nini kuhusu uzee. Giza liliingia bila yeye kuliona. Hatimaye alishuka, akalivuta komeo mwenyewe, na angekula kiapo kwamba zimepita dakika mbili.

Alilia mle ofisini. Karani akazima kioo cha kompyuta, akahamisha kiti chake akakaa upande ule aliokaa Tone.

"Nimwambie nini meneja?" aliuliza baadaye.

"Mwambie nilikuwa nasahau kuzima."

"Hilo tu?"

"Hilo linamtosha, binti yangu. Lililobaki ni langu."

Meneja aliposikia alishusha pumzi, akacheka. "Kuzima tu, mzee! Umetutia presha bure."

Jioni ile Tone alifika getini, akazungusha ufunguo papo hapo. Hakuwa amejua kimya cha pale kilivyo kikubwa. Alisikia chuma cha injini kikipoa. Alisikia bomba la jirani likidondosha maji. Akautazama mlango wa nyumba, akaelewa kwamba hata kama ndani kungekuwa na mtu wa kuusikiliza mlio wa gari, mlio haupo tena. Akajikaza kisabuni, akashuka, akainua komeo, akalivuta. Kesho yake akafanya vilevile, na siku zilizofuata. Alikuwa mtu wa nidhamu, na jambo akiliacha huliacha kweli.

Mwezi ulipoisha alikwenda kujaza. Kulikuwa na foleni, Mchungaji akiwa nyuma yake na madereva wengine wawili wa kampuni nyuma ya Mchungaji. Mpini ukakata.

"Ngapi, mzee?" muuza mafuta aliuliza, naye alikuwa amezoea.

"Kumi na mbili."

Mchungaji akatoa kichwa nje. "Tone amerudi, jamani!" Wenzake wakapiga honi, wakashuka kuja kumpa mkono dirishani, wakimwambia alikuwa amewatia hofu, kwamba hata wao hawakuwahi kuamini yale maneno ya wizi. Kazi yake ilikuwa salama, na jina lake pia. Gari lingeendelea kulala nyumbani. Tone akaishika mikono yao mmoja mmoja na kutabasamu inavyopasa, na hakuna aliyejua kumi na mbili ile imepatikanaje: kwamba tangu siku ile ya ofisini hajamngoja mkewe hata jioni moja. Akapandisha kioo, akawasha gari, akaenda kupakia dawa.