Mpini wa Mwiko

Fundi cherehani anayepakana ukuta na nyumba ya dereva wa winchi anasema ilikuwa pombe. Anasema mumewe, mwashi kwenye lile jengo la ghorofa, alishuhudia kwa macho yake: saa nne asubuhi, jua limewaka, fungu la nondo linaning'inia juu ya vichwa vya watu, halipandi wala halishuki. Waashi wakapiga miluzi, wakagonga madebe. Wapi! Mpaka msimamizi akapanda ngazi yote ile, akamkuta dereva wa winchi kidevu kiko kifuani, mkono umeshika kishikio, anakoroma.

"Mtu mzima asinzie saa nne asubuhi, hajalewa huyo?" Fundi akakata uzi kwa meno. "Mimi sisemi, mwanangu. Nakupa tu alivyosema mume wangu. Na wa kwanza kupondwa angekuwa yeye."

Binti wa dereva alikuwa amesimama pale na gauni lake la kupunguza. Akalikunja, akalikunjua. Baba yake hajawahi kuonja pombe. Akiinusa tu anapiga chafya.

"Hanywi, mama."

"Basi ana nini?"

Binti alijua kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwuliza. Mkoromo wa baba haukumtisha. Kilichomtisha ni ukikatika. Ulikatika ghafla, kama redio iliyochomolewa, nyumba nzima ikabaki inasubiri, halafu baba akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini. Mama yake, alipokuwa hai, alilala na mwiko ubavuni. Ukikatika, anamchokoa mbavu kwa mpini, baba anageuka, maisha yanaendelea. Mama alipofariki, binti akaurithi mwiko. Kitanda chake kimeegemea ukuta wa mbao unaotenga vyumba viwili. Mkoromo ukikatika, anagonga, ko, na baba anageuka. Ni mwaka wa sita huu. Mkono umezoea hata mwenyewe akiwa usingizini.

"Polisi wangu," baba humtania asubuhi, "jana umenikamata mara ngapi?"

Baada ya zile nondo, msimamizi alimwambia baba asikanyage kazini bila barua ya daktari. Baba na binti wakaenda hospitali, wakamkuta muuguzi mmoja mnene, mcheshi, asiye na haraka.

"Mzee, ukilala, nyama za koo zinalegea, zinaziba njia ya hewa. Ubongo unakushtua uvute pumzi, halafu unalala tena, asubuhi hukumbuki kitu. Sasa ukishtuliwa mara thelathini kila saa, hapo umelala au umekesha?"

"Nimekesha nimejilaza."

"Umesema. Ndiyo maana mchana usingizi unakukamata popote. Na moyo nao unachoka. Tukikuta ni hivyo, ipo dawa, wala si ya kumeza. Ni mashine ndogo yenye barakoa, inasukuma hewa puani usiku kucha koo lisijifunge. Watu wanaitumia na kazi wanafanya."

"Nilale kama rubani? Nikipata mchumba si atanikimbia?"

"Kwa mkoromo huo, mzee, keshakimbia."

Wakacheka wote watatu. Muuguzi akawapa kifaa cha kupimia waende nacho nyumbani: mkanda wa kifuani, vimirija vya puani, kibanio cha kidole. "Lala kama unavyolala siku zote," akasisitiza. "Msibadilishe kitu."

Nao hawakubadilisha kitu.

Siku ya majibu muuguzi aligeuza kioo cha kompyuta wakione. Mistari ilipanda na kushuka kama mshono wa mtoto.

"Mara nne kwa saa. Chini ya tano hatuiti ugonjwa." Akakuna kichwa. "Ila ajabu. Ona hapa, pumzi inaanza kukatika, mara anashtuka, inarudi. Na hapa tena. Na hapa. Kama kuna kitu kinamshtua kabla haijafika mbali. Kwenu kuna kelele?"

"Jirani ana cherehani," baba akadakia, kicheko tena.

Binti hakucheka. Aliutazama mkono wake wa kulia, uliotulia mapajani kama si wake. Alitaka kusema jambo. Lakini daktari aliyesoma majibu alishaweka sahihi barua ya kurudi kazini, na baba alishasimama, barua ameishika kwa mikono miwili, uso umekunjuka kwa mara ya kwanza katika wiki mbili. Binti akainuka, akamfuata. Njiani baba alisalimia kila mtu.

Siku hiyohiyo, saa nane mchana, baba ameketi kwenye kiti chake kando ya dirisha, barua mfukoni mwa shati, kofia ngumu ya kazini magotini. Kesho alfajiri anapanda winchi. Alikuwa anaeleza atakavyoitandaza ile barua mbele ya msimamizi, na katikati ya neno akasinzia. Mkoromo ukaanza. Barua ikawa inapanda na kushuka pamoja na kifua.

Kisha ikasimama.

Binti alikuwa ameshika mwiko wa ugali mkononi, bado mkavu. Hakuwa amewasha hata moto. Akauinua. Akaushusha. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita aliuzuia mkono, akahesabu. Kumi. Kumi na tano. Midomo ya baba ikabadilika rangi. Ishirini na moja, na jasho likamtoka yeye aliyekuwa macho. Ishirini na sita, ndipo baba akavuta pumzi kwa kishindo, kofia ikaanguka sakafuni. Ng'ambo ya ukuta cherehani ikanyamaza.

"Nilikuwa nasemaje?" baba akauliza.

"Baba, nimehesabu ishirini na sita. Sikukugusa." Akauweka mwiko mezani. "Usiku ule wa kipimo nilikuwa nagonga. Kila ilipokatika, niligonga. Ile karatasi imepima mkono wangu, haikukupima wewe."

Baba akainama, akaokota kofia.

"Chini ya zile nondo kuna mume wa fundi, baba. Kesho usipande winchi, turudi hospitali. Ulale na kile kifaa tena, mimi nikalale kwa shangazi. Turudi?"

Baba akaipangusa kofia kwa kiganja, polepole, mbele, kisha nyuma, kisha mbele tena. Kisha akaitoa barua mfukoni, akaiweka mezani kando ya mwiko.